Tunachangia Msiba, Mbona Hatuchangii Nauli ya Hospitali?



Wanaparokia wapendwa, na ninyi ndugu wengine mnaoisoma tafakari hii kila juma,

Juma hili sitafafanua masomo ya Dominika kama nilivyozoea. Naomba niseme juu ya jambo ambalo limenikaa moyoni tangu mvua za masika, nalo ni habari ya familia moja ya hapa kwetu, chini ya Mlima Meru, iliyoambiwa na madaktari kwamba mtoto wao wa miaka mitatu ana saratani ya figo. Wazazi wake wameniruhusu kuisimulia, kwa sharti kwamba nisitaje majina yao wala jumuiya yao. Nimewaahidi hivyo, na tena nimewaahidi kwamba nitasimulia pia kosa langu mimi mwenyewe.

Ilianza hivi. Jioni moja mama alikuwa akimwogesha mtoto, mkono wake ukagusa kitu kigumu tumboni, upande mmoja chini ya mbavu. Mtoto hakuwa na homa. Alikuwa akila loshoro yake vizuri na kukimbizana na kuku uani kama kawaida. Bibi yake akasema ni bandama, akamkanda kwa mafuta. Dukani wakauziwa dawa ya minyoo. Jirani mmoja akanong'ona kwamba yupo mtu wa ukoo aliyekasirishwa kwa habari ya shamba, na kwamba tumbo la mtoto halivimbi hivi hivi. Ndugu mwingine akawapeleka kwenye maombi, wakaambiwa waamini tu. Ukapita mwezi, ukapita na wa pili, na tumbo likazidi kukua. Walipompeleka hatimaye kwenye vipimo, waliandikiwa barua ya rufaa kwenda KCMC, Moshi. Huko wakaelezwa ukweli wote kwa upole: uvimbe ule ni saratani, inatibika, lakini mtoto atahitaji dawa kila juma kwa majuma kadhaa, kisha upasuaji, kisha dawa tena kwa miezi.

Siku chache baadaye baba wa mtoto alinijia ofisini, baada ya Misa ya asubuhi. Alikuwa ameikunja karatasi ya hospitali mara nne na kuishika mkononi kama mtu aliyeshika barua ya mahakama. Akanisalimu, akakaa, akaniuliza swali moja tu: "Baba Paroko, sisi tumemkosea nini Mungu?"

Nilikuwa na haraka. Kulikuwa na kikao kinanisubiri. Nikamwambia, "Mwanangu, hayo ni mapenzi ya Mungu. Yapokeeni kwa imani." Akaitazama sakafu kwa kitambo, akasema, "Asante, Baba," akaondoka. Hakuonekana kanisani Dominika mbili mfululizo.

Ndugu zangu, hilo ndilo kosa langu. Mtu alikuja na swali lililotoka katikati ya moyo wake, nami nikamjibu kwa maneno ambayo yangeweza kuandikwa kwenye kadi. Tunasoma katika Kitabu cha Ayubu kwamba rafiki zake walipomtembelea, walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, kwa kuwa waliona jinsi maumivu yake yalivyokuwa makubwa. Hapo walikuwa rafiki wa kweli. Walikosea siku ile walipoanza kumfafanulia mateso yake. Mimi sikukaa hata dakika saba.

Basi naomba leo nilijibu swali la baba yule, kwa sababu najua si yeye peke yake anayejiuliza. Katika sura ya tisa ya Injili ya Yohane, wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, na swali lao ni lile lile: ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Bwana wetu anakataa yote mawili. Hatafuti mkosaji. Anatema mate chini, anafanya tope, anampaka yule mtu macho, anamtuma aende akanawe. Wanafunzi walitaka maelezo, Yesu akaanza kazi.

Sisi wa Arusha na Meru tungepaswa kulielewa fundisho hili mapema kuliko wengine. Tazameni meno yetu. Wengi wetu tuliokulia hapa tuna meno yenye madoa ya kahawia, na pande za Maji ya Chai na Ngurdoto wapo watoto ambao mifupa ya miguu yao imepinda. Je, ni laana? La hasha. Mlima wetu ni wa volkano, na maji yatokayo kwenye miamba yake yana madini mengi ya floraidi, kupita kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani linakiona kuwa salama. Mtoto akiyanywa miaka mingi, meno yanabadilika rangi, na yakizidi sana, mifupa inaharibika. Leo tunajua kwamba maji hayo yanaweza kuchujwa hata kwa mkaa wa mifupa, na hakuna anayemwuliza mama wa Maji ya Chai ametenda dhambi gani. Tunamwuliza anachota maji wapi. Kwa nini basi ugonjwa ukiwa na jina la kutisha, kama saratani, tunarudi upesi kumtafuta mchawi au mwenye dhambi?

Saratani ya figo iliyompata mtoto huyu madaktari huiita uvimbe wa Wilms, kwa jina la daktari Mjerumani Max Wilms. Huwapata zaidi watoto walio chini ya miaka mitano, na mara nyingi dalili ya kwanza ni hiyo hiyo: tumbo lililovimba bila maumivu, linalogunduliwa na mama anapomwogesha mtoto au kumvalisha. Hakuna tendo la wazazi linalojulikana kuwa ndilo huuleta. Mama hakukosea alipokuwa mjamzito, na baba hakumkosea mzimu wa mtu. Nawaomba kila mmoja wenu alikumbuke hilo kabla ya kufungua kinywa mbele ya mzazi wa mtoto mgonjwa.

Sasa nirudi kwenye simulizi. Baada ya Dominika mbili nilijitia moyo, nikapanda hadi nyumbani kwao. Nilimkuta mama jikoni akimenya ndizi, na mtoto amelala mkekani, nywele zimeanza kunyonyoka. Nilijiandaa kuwahimiza wadumu katika sala. Nikamwuliza kama wanasali pamoja kila jioni. Akanijibu kwamba rozari hawajaiacha hata siku moja. Kisha akaendelea kumenya, akasema bila kuniangalia: "Baba, hili ni juma la pili hatujaenda Moshi."

Nikadhani wamekata tamaa, au wameshawishiwa na mtu. Haikuwa hivyo. Mume wake ni kibarua wa ujenzi. Siku anayokwenda hospitali ni siku asiyolipwa. Safari za kwanza walizimudu kwa kuuza mbuzi wawili, kisha redio, kisha wakakopa. Kutoka Arusha mjini hadi Moshi ni kilomita 80 hivi, na wao hushuka kwanza kwa miguu hadi kwenye daladala. Kwenda na kurudi kila juma, watu wawili na mtoto, pamoja na chakula cha huko na siku nyingine kulazimika kulala, fedha zikaisha. Nikamwuliza kwa nini hawakuwaambia wanajumuiya. Akatabasamu kwa huzuni. "Baba, mtu anaomba mchango wa harusi, anaomba wa msiba. Nauli ya hospitali anaombaje?"

Nilipokuwa nikishuka njiani kuelekea parokiani, kati ya migomba na mibuni, nilimkumbuka mtoto mwingine niliyemzika miaka michache iliyopita. Yeye naye alikuwa na saratani, naye wazazi wake waliacha kumpeleka hospitali katikati ya tiba. Siku ya mazishi jumuiya ilijitoa kwa namna ya kupendeza. Turubai lilifungwa, viti vililetwa, sufuria kubwa zilichemka tangu alfajiri, jeneza jeupe lilinunuliwa, na daftari la michango lilizungushwa toka nyumba hadi nyumba. Baada ya maziko msemaji wa familia alisoma jumla ya rambirambi, akashukuru. Mimi nilikaa pale nimevaa kanzu yangu, nikapiga hesabu kimya kimya. Fedha zile zilitosha nauli ya tiba yote ambayo mtoto yule hakuimaliza.

Sisemi haya ili kuwahukumu. Tungekuwa watu wabaya, tusingechanga kabisa. Sisi ni watu wa kuchangiana, na hilo ni fahari yetu. Tunachangia harusi kwa kadi na kamati na vikao vya kila Jumapili jioni. Tunachangia sherehe za Komunyo ya Kwanza na Kipaimara. Mtu akifariki, hakuna anayelala njaa katika nyumba ya matanga. Lakini kati ya furaha ya harusi na machozi ya kaburi ipo miezi mirefu ya ugonjwa, na katika miezi hiyo tunaiacha familia peke yake, tukiwaambia, "Tunawaombea." Mtume Yakobo katika waraka wake aliwaonya watu wanaomwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa aende kwa amani akaote moto na kushiba, bila kumpa anachohitaji. Nadhani angekuwa hapa kwetu angetaja na nauli.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana 400,000 hivi hupata saratani kila mwaka duniani. Katika nchi tajiri zaidi ya 80 katika kila 100 hupona. Katika nchi nyingi zenye kipato kama chetu hupona chini ya 30 katika 100. Saratani haibagui mtoto tajiri na maskini. Tofauti hiyo inatokana na mambo yanayotajwa waziwazi: ugonjwa kugunduliwa kwa kuchelewa au kutotambuliwa, uhaba wa dawa na wataalamu, na wazazi kuacha tiba kabla haijaisha. Kuhusu uhaba wa wataalamu, parokia yetu haina la kufanya isipokuwa kusali na kuwasomesha vijana wetu. Lakini kuchelewa na kuacha tiba ni mambo yaliyo karibu na mlango wetu. Naam, Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, nasi tunaomba matunda yake yamfikie kila mtoto. Hata hivyo bima hulipa dawa na kitanda. Hailipi daladala, wala siku ya kazi aliyoikosa kibarua, wala uji wa watoto waliobaki nyumbani.

Wapo watakaosema: Padre, umeacha imani, umeanza kuhubiri hospitali. Kwa hao nina maneno mawili.

Neno la kwanza ni kumbukumbu. Wengi wenu mnaikumbuka mwaka 2011, magari yalipopita hapa mjini usiku na mchana kuelekea Mto wa Mbu na kuendelea hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, ambaye watu walimwita Babu. Alisema ameoteshwa na Mungu dawa ya mti, akaigawa kwa kikombe kimoja kwa shilingi 500. Alikwisha kufariki mwaka 2021. Nami simhukumu, Mungu ampumzishe. Ninachokikumbuka ni sisi. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi, na wapo wagonjwa waliofia humo humo njiani. Wapo waliowatoa wagonjwa wao wodini, na wapo walioacha dawa walizokuwa wakizitumia. Na nauli? Nauli ilipatikana! Koo zilichangishana, magari yalikodiwa, wazee walibebwa juu ya magodoro. Basi tusidanganyane kwamba hatuwezi. Tuliweza kuchangia safari ya Samunge kwa sababu tuliamini kwamba huko Mungu anaponya. Swali langu ni hili: je, hatuamini kwamba Mungu huyo huyo yuko pia katika wodi ya watoto?

Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ya kitabu chake, anafundisha kwamba tabibu ameumbwa na Bwana, na kwamba Bwana ndiye aliyezitoa dawa katika ardhi, wala mtu mwenye busara hazidharau. Mojawapo ya dawa zinazotumika kutibu saratani hii ya figo huitwa vinkristini. Hutoka katika mmea wenye asili ya kisiwa cha Madagaska, wenye maua ya waridi au meupe, ambao watu huupanda kama pambo kwenye bustani za nyumba na makanisa. Kwa hiyo mtu akikwambia uache dawa za hospitali kwa kuwa si za Mungu, mwulize ni nani aliyeliumba ua lile.

Neno la pili ni la watakatifu. Kanisa Kuu la Jimbo Kuu letu la Arusha limewekwa chini ya Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu. Tunampenda Theresia, lakini je, tunawajua wazazi wake? Baba yake, Louis Martin, alikuwa fundi saa. Mama yake, Zelie, alikuwa mfumaji wa lesi katika mji wa Alençon, Ufaransa. Walijaliwa watoto tisa, wakazika wanne wangali wadogo, mmoja akiwa na miaka mitano. Kisha Zelie mwenyewe akapata saratani ya titi. Mwezi Juni mwaka 1877 alikwenda kuhiji Lurdi pamoja na binti zake, akaoga maji ya chemchemi, akarudi nyumbani hajapona. Tarehe 28 Agosti mwaka huo huo akafariki, Theresia akiwa na miaka minne tu. Hakuna mtu anayeweza kusema kwamba mama huyo alikosa imani. Papa Fransisko aliwatangaza yeye na mume wake kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 2015. Kumbe basi, anayerudi kutoka mahali pa sala bila kupona, si kwamba hakusali vizuri.

Tena yapo ya kuongeza. Muujiza uliokubaliwa na Kanisa ili watangazwe wenye heri mwaka 2008 ni uponyaji wa mtoto mchanga aliyezaliwa Monza, Italia, mwaka 2002, mapafu yake yakiwa hayafanyi kazi. Wazazi wake walisali novena kwa maombezi ya Louis na Zelie, mtoto akiwa hospitalini, kwenye mashine ya kupumulia, mikononi mwa madaktari. Hawakumchomoa ili kuonyesha imani yao. Sala yao ilimfuata mtoto hadi kando ya mashine, na humo Mungu alifanya alilotaka kulifanya. Imani ya Kikatoliki iko hivyo: kitanda cha hospitali na rozari vinakaa chumba kimoja.

Kwa kuwa wazazi wengi huniuliza, naomba nieleze kwa kifupi Kanisa linampa nini mtoto mgonjwa. Mtoto ambaye hajabatizwa akiwa katika hatari ya kufa, abatizwe bila kukawia. Na padre au shemasi asipopatikana, mtu yeyote mwenye nia ifaayo, hata muuguzi, anaweza kumbatiza kwa maji na kwa jina la Utatu Mtakatifu. Mtoto aliyebatizwa akiwa katika hatari hiyo, hata akiwa mchanga, anaweza kupewa Kipaimara, na padre yeyote anayo mamlaka ya kumpa. Komunyo Takatifu anaweza kupewa, hata kabla ya umri wa kawaida, iwapo anaweza kutofautisha Mwili wa Kristo na chakula cha kawaida na kuupokea kwa heshima. Mpako wa Wagonjwa hupewa yule aliyefikia umri wa kutumia akili na anayeanza kuwa katika hatari kwa sababu ya ugonjwa. Si sakramenti ya kuagia dunia, kwa hiyo msisubiri mpaka mtoto wa miaka tisa awe hawezi tena kusema Amina. Kwa mdogo zaidi ipo baraka ya watoto wagonjwa, nami nitakuja kuitoa saa yoyote mtakayoniita. Usiku pia niiteni. Safari hii sitakuwa na kikao.

Na kwa wazazi wenyewe, ninyi mnaokaa usiku mkihesabu pumzi za mtoto, nawaombeni msome sura ya tisa ya Injili ya Marko. Yumo baba aliyemleta mwanawe mgonjwa kwa Yesu, akakiri mbele ya watu wote kwamba anasadiki na kwamba anahitaji kusaidiwa kwa kuwa hasadiki vya kutosha. Bwana hakumfukuza kwa imani ile ya nusu, wala hakumwambia arudi siku atakapokuwa na imani kamili. Alimshika mtoto mkono, akamwinua. Msiogope kumlilia Mungu, hata kumlalamikia. Daudi alifunga na kulala chini siku saba kwa ajili ya mtoto wake mgonjwa; na mtoto alipofariki, aliinuka, akaoga, akaingia nyumba ya Bwana kuabudu. Sala yake haikupotea kwa sababu haikupata alichoomba. Ilimpa nguvu ya kuinuka.

Sasa nimalizie kwa ile nyumba yenye paa lililotobolewa. Mnamkumbuka yule mwenye kupooza wa Kapernaumu, aliyeletwa na watu wanne. Watu hao wanne hawakutunga maelezo ya ugonjwa wake. Walishika pembe nne za kitanda, na mlango ulipozibwa na umati walipanda juu, wakafungua dari la mwenye nyumba, wakamshusha. Mwinjili anatuambia kwamba Yesu aliiona imani yao. Imani ya nani? Yao, ya wale waliobeba. Inawezekana mgonjwa mwenyewe alikuwa amechoka kiasi cha kutoweza kuamini tena. Wengine waliamini kwa niaba yake, kwa mikono.

Kwa ruhusa ya wazazi nilimweleza mwenyekiti wa jumuiya yao. Jumamosi iliyofuata, baada ya somo na sala, aliliweka mezani daftari lile lile linalotumiwa wakati wa misiba, akafungua ukurasa mpya. Bibi mmoja anayeuza ndizi sokoni alikuwa wa kwanza kufungua fundo la kanga yake. Kijana mmoja mwenye bodaboda alisema hana fedha, ila atawashusha na kuwapandisha kila siku ya safari. Mama mmoja wa WAWATA alichukua zamu ya kukaa na ndugu za mtoto. Watoto wa Utoto Mtakatifu, shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843 ili watoto wawasaidie watoto, walileta sarafu zao katika kopo la maziwa. Tangu siku ile hawajakosa safari hata moja kwa sababu ya nauli. Mtoto alifanyiwa upasuaji, figo moja ikaondolewa, na iliyobaki inafanya kazi ya mbili. Amemaliza dawa. Nywele zimeota tena, nyororo kama za kifaranga. Bado anarudi kupimwa, na kila safari wazazi wake huenda wakiwa na hofu. Mwisho wake uko mikononi mwa Mungu, nami sitawaahidi kitu ambacho hata daktari hawezi kuahidi.

Ila najua jambo moja: hata ingekuwa vingine, wazazi wale wasingebaki wakijiuliza kama safari mbili zaidi zingemwokoa mtoto wao. Swali hilo ni zito kuliko jeneza, na wapo wazazi katika parokia hii wanaolibeba mpaka leo kwa sababu sisi tulichelewa kuchanga.

Kwa hiyo naziomba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zote za parokia yetu zifanye mambo manne kabla ya mwezi huu kwisha. Kwanza, kila jumuiya ifungue ukurasa wa wagonjwa katika daftari lake la michango, na nauli ya hospitali iwe ya kwanza kufikiriwa. Pili, atafutwe mtu mmoja mwenye moyo wa siri, ambaye familia yenye mgonjwa inaweza kumweleza hitaji lake bila kusimama mbele ya watu. Tatu, mnapotembelea nyumba yenye mtoto mgonjwa, pelekeni sukari, kuni, au mikono ya kufua nguo. Maswali na maelezo yaacheni mlangoni. Nne, mzazi akikuambia ameona uvimbe kwa mtoto, au jicho linalong'aa weupe, au homa na kupauka visivyoisha, usimshauri dawa ya mafuta, mwambie, "Twende hospitali, nami nitakusindikiza."

Na wewe baba uliyeniuliza swali lile asubuhi ile ofisini, najua utayasoma haya. Hamkumkosea Mungu kitu. Nisamehe kwa kukuacha uondoke bila jibu.

Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, atuombee. Nawatakieni nyote Dominika njema na baraka ya Mungu Mwenyezi, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.

Paroko wenu